Jinsi Wenye Viraka Walivyoitwaa Utuamo

Nilifika Utuamo katika mwaka wa nne wa vita vyao, kwa mwaliko wa maandishi wa Wizara ya Ushindi. Kazi yangu ni kuchora ramani, na barua ilisema Serikali inahitaji ramani kubwa ya nchi nzima, itakayotundikwa uwanjani siku ya sherehe za kumaliza vita. Niliuliza sherehe hizo zitakuwa lini. Nikajibiwa kwamba tarehe imeshapangwa, nyimbo zimeshatungwa, na kilichobaki ni vita vyenyewe kumalizika.

Tangu nirudi nyumbani nimeulizwa mara nyingi ilikuwaje wakulima na walimu wa shule za vijijini, wenye bunduki moja kwa watu watatu, wakaishinda serikali yenye majemadari kumi na mmoja. Nitaeleza niliyoyaona, bila kuongeza chumvi.

Wizarani nilipokewa na Bibi Nambua, karani mkuu wa ramani, mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ya chini ya mtu aliyefanya kazi miaka mingi karibu na wakubwa. Alinipeleka kwenye ukumbi wenye ramani iliyofunika ukuta mzima, imechomekwa vibendera. Vya kijani vilikuwa vya miji ya Serikali, vyekundu vya miji ya waasi, ambao magazeti yaliwaita Wenye Viraka kwa sababu ya suruali zao. Nilitafuta chekundu hata kimoja nisikione.

"Waasi wako wapi?" niliuliza.

"Kwenye ramani hawapo."

"Na nje ya ramani?"

Alitazama mlangoni kwanza. "Nje ya ramani wana wilaya tisa."

Hapo ndipo aliponieleza Sheria ya Muhuri, ambayo bila kuijua mengine yote hayaeleweki. Katika Utuamo, hakuna mji unaohesabiwa kuwa umeanguka mpaka mkuu wa wilaya alete taarifa ya kuanguka kwake, iliyogongwa muhuri wa mji wenyewe. Sheria ilitungwa zamani ili kuzuia uvumi. Sasa, kila waasi walipoingia mji, mkuu wa wilaya alikimbia akaacha muhuri kabatini, na waasi wakafungua kabati. Taarifa haikuja, na mji ukabaki wa Serikali. Uliendelea kupelekewa unga, viatu, mablanketi na magazeti. Mkuu wa wilaya naye, aliyekuwa anaishi kwa shemeji yake mtaa wa pili kutoka wizarani, alipelekewa barua za pongezi kule kule alikotorokea.

"Na hakuna aliyesema sheria ibadilishwe?"

"Yupo aliyesema," alijibu Bibi Nambua. "Aliambiwa alete mfano wa mji ulioanguka."

Wiki ya pili niliitwa mbele ya Baraza la Majemadari kuonyesha mchoro wangu wa kwanza. Kabla ya zamu yangu kulikuwa na ajenda nyingine: nani atangulie kuingia uwanjani siku ya sherehe. Kila jemadari alikuwa na jeshi lake, sare yake na wimbo wake, na wawili kati yao walikuwa hawajasalimiana tangu mwaka wa kwanza wa vita kwa sababu ya rangi ya kofia. Aliyeongoza kikao alikuwa Jemadari Mkuu Matamvua, mzee mnene, mpole, mwenye tabia ya kufumba macho mtu anapomweleza jambo refu.

Mjadala ulipofika saa ya tatu, Jemadari wa Mashariki alisimama akasema amepata habari kuwa mwenzake wa Magharibi ameshambuliwa, na yeye ana askari elfu sita wamekaa tu. Je, awapeleke?

"Nikiwapeleka akashinda," aliongeza, "atatangulia mbele yangu uwanjani. Naomba baraza lilifikirie hilo."

Jemadari wa Magharibi akajibu kwa adabu kwamba hahitaji msaada. Afadhali apigwe na adui, alisema, kuliko kuokolewa na mwenzake. Maana kushindwa kuna sheria inayomlinda mtu, lakini kuokolewa hakuna. Majemadari wakagonga meza kumpongeza.

Bibi Nambua akaingia na karatasi iliyotoka chumba cha simu ya upepo. Aliisoma akiwa amesimama.

"Kutoka Boma la Ukingo. Tumezingirwa pande tatu. Mkongoni iko mikononi mwa waasi tangu wakati wa mavuno. Tuko watu mia tatu na arobaini. Hatujapata unga kwa siku thelathini na nane. Naomba ruhusa tuvuke mto kabla haujajaa." Akasoma jina la chini. "Kapteni Tindwa."

Jemadari Mkuu alifumbua macho, akageukia ukuta. "Mkongoni ni ya kijani."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Na unga wa boma hilo hupitia Mkongoni?"

"Hupitia, Mheshimiwa. Tumepeleka magunia elfu mbili. Hati za kupokea zimerudi zote."

"Zina muhuri?"

"Wa Mkongoni, Mheshimiwa."

"Basi mwambie huyo kapteni akachukue unga wake Mkongoni," alisema Jemadari Mkuu bila hasira yoyote. "Na aache kuwatia watu hofu."

Kikao kikarudi kwenye suala la farasi wa kuingilia uwanjani.

Nilimkuta Bibi Nambua nje, kwenye varanda, ameikunja ile karatasi mara nyingi mpaka imekuwa ndogo kama kidole gumba. Aliniambia Tindwa ni mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao. Mama alifariki mapema, na yeye ndiye aliyembeba mgongoni.

"Hii ni ya kumi na moja," alisema. "Zote kumi na moja nimezisoma mimi mwenyewe mle ndani, kwa sauti ya kawaida."

Kisha akanionyesha kitu alichokitafuta kwenye vitabu vya sheria kwa miezi miwili. Mkuu wa wilaya akikosekana, mchora ramani anayekagua mipaka anaweza kuleta taarifa badala yake, mradi ina muhuri wa mji. Alikuwa ameshaandika taarifa yenyewe: Mkongoni imeanguka. Ilibaki nafasi ya muhuri tu.

"Kesho kuna msafara wa unga unakwenda huko. Panda. Yeyote aliye na muhuri, mwombe akugongee mara moja tu. Ikifika hapa, hawatakuwa na la kusema, watamruhusu atoke."

Sipendi kujisifu kwa ushujaa nisiokuwa nao. Nilikubali kwa sababu alikuwa ananitazama usoni na mimi sikupata haraka maneno ya kukataa.

Msafara ulikuwa na malori kumi na manne, chini ya sajini aliyeifanya njia ile kwa mwaka mzima. Nilimuuliza kama anajua Mkongoni iko kwa nani. Alisema yeye anajua iko wapi, na kwa kazi yake hiyo inatosha.

Kwenye kizuizi cha kuingilia Mkongoni tulisimamishwa na watu wenye suruali za viraka. "Mmechelewa siku mbili," mmoja alimwambia sajini. "Tairi," alijibu sajini. Wakapeana mikono. Magunia yakashushwa, yakahesabiwa mara mbili, hati zikagongwa muhuri, na madereva wakapewa chai. Nimewahi kufanya kazi katika nchi zenye amani kamili ambako unga haupokewi kwa utaratibu mzuri namna ile.

Mchana ule ule unga uligawiwa, nusu kwa wapiganaji na nusu kwa vijiji. Kwenye foleni nilizungumza na mkulima mmoja, Mama Sikudhani, mjane aliyekuwa na wana wawili kwa Wenye Viraka. Nilimuuliza kwa nini aliwaruhusu waende.

"Jeshi la Serikali lilipita kwangu mara tatu," alisema. "Mara ya kwanza walichukua mbuzi. Mara ya pili wakachukua mlango wakawashie moto. Mara ya tatu wakanichapa kwa sababu nyumba haina mlango, wakasema lazima nawaingiza waasi usiku. Hawa walipita mara moja. Wakaomba maji, wakanywa, wakarudisha kata. Walipotoka wakafunga zizi."

"Basi?"

"Ulitaka wafanye nini tena?"

"Lakini huu unga si wao, mama. Ni wa Serikali. Imeandikwa kwenye gunia."

"Kusoma najua, mwanangu. Miaka yote ya amani Serikali ilikuwa inasema imetuletea unga, na sikuuona. Huu nauona."

Aliyeshika mji alikuwa Kamanda Mwatumu, zamani mkunga wa zahanati, mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa, ambaye humsikiliza mtu mpaka amalize halafu hungoja kidogo kama ana la kuongeza. Nilimkuta barazani kwa mkuu wa wilaya wa zamani, anasuluhisha ugomvi wa mpaka wa shamba. Pembeni alikaa Ndugu Kifungu, msimamizi wa mafunzo ya siasa, aliyekuwa anaandika kitabu kiitwacho *Sababu Ishirini na Saba za Ushindi Wetu*. Alikianza mwezi ule ule vita vilipoanza.

Nilitoa karatasi ya Bibi Nambua nikaeleza yote, hata habari za mdogo wake. Mwatumu alitoa muhuri mfukoni, akauweka mezani, wala hakuugusa tena.

"Nikigonga, unga utakoma," alisema. "Nina vijiji ishirini na viwili vinaula."

"Usipogonga, wale watakufa."

"Najua."

"Ndugu Kamanda," alisema Kifungu, "hapa hakuna la kujadili. Kwa mujibu wa sababu ya tisa, majeshi ya wanyonyaji huporomoka yenyewe."

"Huporomoka baada ya siku ngapi bila kula, ndugu?"

Kifungu alipekua kurasa. "Siku hazikutajwa."

Mwatumu alisimama, akaenda ukingoni mwa baraza, akatazama watu waliokuwa wanajitwika unga. Nilimwona anasugua viganja, kama mtu anayejiandaa kunawa. Aliporudi aliurudisha muhuri mfukoni.

"Sigongi," alisema. "Lakini pakieni malori mawili. Magunia yabaki yalivyokuja, yasifunguliwe. Nakwenda mwenyewe. Na wewe, mgeni, utakaa mbele. Si wetu, si wao; watasita kidogo kabla ya kupiga."

Kifungu alisema mpango huo haumo kitabuni. Alisema pia kwamba angependa kuja, lakini alikuwa katikati ya sababu ya kumi na saba.

Boma la Ukingo liko juu ya mwinuko, mto nyuma yake. Tulipanda polepole, kitambaa cheupe kimefungwa kwenye kioo cha pembeni, mikono yangu nimeiweka juu ya magoti ili ionekane. Hawakupiga. Baadaye niliambiwa walitaka kupiga, ila aliyekuwa na bunduki ukutani alikuwa amesinzia kwa njaa.

Lango lilifunguliwa, akatoka Kapteni Tindwa. Alikuwa na umri wa miaka thelathini kama si chini, na viatu vyake vilikuwa vimefungwa kwa kamba za magome. Nyuma yake askari walisimama wakishikilia ukuta. Gunia la kwanza likashushwa, na askari mmoja akasoma kwa sauti maandishi yaliyokuwa ubavuni mwake:

"Wizara ya Ushindi. Kwa Boma la Ukingo. Kupitia Mkongoni."

Akasoma tena, polepole zaidi. Kisha akaketi chini, palepale kwenye vumbi.

Tindwa alipitisha mkono juu ya yale maandishi. "Huu umetoka wapi?"

"Kwenu," alisema Mwatumu. "Tumeufikisha tu."

"Mnataka nini?"

"Mpike kwanza. Uji mwepesi, usiwe mzito. Wakila ugali leo watawafia mikononi."

Nilimpa salamu za dada yake. Aliuliza amesemaje. Nikamwambia amezisoma simu zake zote kumi na moja, na kwamba mdogo wake alikuwa na tabia ya kulia akichelewa kulishwa. Alicheka, kicheko kikamgeukia, akajifunika uso kwa kofia.

Asubuhi yake aliwakusanya watu wake akawaambia kila mmoja afanye anavyoona. Thelathini hivi walichukua kibaba cha unga wakaelekea makwao, na hakuna aliyewazuia. Waliobaki waliomba sindano na vitambaa. Haikupigwa risasi hata moja. Mwatumu akamwomba Tindwa atume habari wizarani, akatuma: *Unga umepokelewa. Shukrani.* Siku ya tatu lilikuja jibu la kumpandisha cheo kuwa Meja, kwa utulivu wake.

Mimi karatasi yangu ilibaki bila muhuri, msafara ulikuwa umesharudi, na sikuwa na njia ya kurudi ila pamoja nao.

Kwa namna hiyo hiyo Wenye Viraka walichukua maboma sita katika miezi miwili. Jemadari wa Mashariki aliona wanapita mpakani mwake kuelekea kwa mwenzake, akawapisha. Walipoanza safari ya Kiganjani, mji mkuu, walikuwa na viatu vya Serikali, mablanketi ya Serikali, na askari wa Serikali elfu nne, ambao kwenye ramani walikuwa bado wanalinda miji ya kijani.

Waliingia siku ya mazoezi ya sherehe. Uwanja ulijaa. Majemadari walikuwa bado juu ya farasi wao getini, wanabishana, ndiyo sababu hakuna aliyekuwa ameingia, na kwa hiyo Wenye Viraka waliingia kwa geti jingine lililokuwa wazi. Watu wakadhani ni jeshi la kumi na mbili. Wakapiga makofi. Bendi ikapiga. Jemadari Mkuu Matamvua, jukwaani, alisimama akapokea heshima yao, na akabaki ameinua mkono hivyo mpaka Mwatumu alipopanda ngazi akamwomba kwa upole aushushe. Walionitangulia kufika getini walinieleza kuwa majemadari kumi waliondoka kwa njia ya nyuma, wala hakuna aliyejali nani anatangulia.

Bibi Nambua alimpokea mdogo wake kwenye ngazi za wizara.

"Umekonda," alisema.

"Na wewe umezeeka, dada."

Alimshika sikio kama anayetaka kumwadhibu, halafu akashindwa kuliachia.

Ningependa kuishia hapo, lakini nilikaa Utuamo miezi mingine mitatu.

Viongozi wa mapinduzi walikuwa watu wa kazi, na kazi ilikuwa mikoani: mashamba ya kugawa, madaraja ya kujenga, wakimbizi wa kurudisha. Mwatumu alirudi Mkongoni wiki ile ile. Aliyekuwa na nafasi ya kubaki mji mkuu alikuwa Ndugu Kifungu. Wizara ya Ushindi ikaitwa Wizara ya Ushindi wa Wote, naye akawa waziri. Bibi Nambua aliachwa kazini, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua funguo zilipo. Agizo la kwanza la waziri lilikuwa kuunda Tume ya Sababu, itakayosikiliza mashahidi na kuthibitisha kwa nini mapinduzi yalishinda. Sababu zenyewe zilikuwa zimeshapigwa chapa.

Meja Tindwa aliitwa, akaulizwa kilichomfanya afungue lango.

"Njaa," alisema. "Na jina la boma letu kwenye gunia."

"Andika," Kifungu alimwambia karani. "Sababu ya kumi na nne: mwamko wa kitabaka katika majeshi."

Mwatumu alisafiri siku mbili kuja kutoa ushahidi. Alisema Serikali haikushindwa kwa sababu ya udhaifu. Ilishindwa kwa sababu haikukubali kuambiwa ilipo. "Sisi tulisikiliza watu kwa kuwa hatukuwa na kitu kingine," alisema. "Sasa tuna vitu. Ndiyo maana nimekuja kulisema hili mapema."

"Sababu ya kumi na tisa," alisema Kifungu, "uongozi bora." Akamshukuru sana. Mwatumu alimtazama kwa muda, kama alivyokuwa akingoja mtu amalize, kisha akaondoka mchana ule, kwa kuwa asubuhi ya keshokutwa kulikuwa na watu wanamngoja Mkongoni kwa kesi ya maji.

Nikaitwa mimi, shahidi wa nje. Kitabu kilikuwa mezani, kimefunguliwa ukurasa wa mwisho. Nilisema sikuona ndani yake habari za unga, wala za Sheria ya Muhuri.

"Unga hauna msimamo, ndugu mgeni," alisema waziri. "Leo uko kwa huyu, kesho kwa yule. Historia haiwezi kutegemea kitu kama hicho. Na ile sheria tumeiangalia; ina faida zake, inazuia uvumi. Saini hapa, kwamba umeziona zote ishirini na saba."

"Nisiposaini?"

"Hakuna ubaya wowote. Ila kibali chako cha kusafiri kinatolewa na tume hii hii."

Nilikuwa nimekaa mbali na wanangu zaidi ya nusu mwaka. Nilisaini.

Bibi Nambua ndiye aliyekuja kuchukua kitabu. Nilimfuata kwenye varanda nikamwambia, kwa kujitetea, kwamba ni saini moja tu, na isitoshe mimi ni mgeni na haina uzito wowote.

"Yangu ya kwanza niliweka nikiwa na miaka ishirini na miwili," alisema. "Ilikuwa moja tu na mimi."

Hakusema kwa kunilaumu. Alikiegemeza kitabu ukingoni, akaweka karatasi ya kukaushia juu ya jina langu, akaibana taratibu kwa kiganja ili wino usichafuke.